Bei ya Jumapili

Kwa miaka mingi nimeishi kwa kuandika mishahara ya watu wengine. Ni kazi isiyo na makelele, inayofanyika nyuma ya duka la jumla la vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam, katika chumba chenye kabati la chuma na feni inayogeuza kurasa kabla sijazimaliza. Mwezi unapokaribia kufungwa nakaa na orodha ya majina, siku za kazi, mikopo midogo ya dharura, mchango wa NSSF ambao nusu yake, asilimia 10 ya mshahara, hutoka kwa mfanyakazi na nusu nyingine kwa mwajiri, na kodi ambayo haina budi kufika TRA kabla tarehe 7 ya mwezi unaofuata haijapita. Halafu inakuja ovataimu, na hapo ndipo watu hunijia mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, kana kwamba wanaomba kitu kisicho chao.

Nimezoea kuwajibu kwa kuwaonyesha hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Saa inayozidi hapo hulipwa mara moja na nusu. Na mtu akifanya kazi katika mapumziko yake ya wiki, kwa kukubali mwenyewe, kila saa hulipwa mara mbili. Sheria haiitaji Jumapili kwa jina. Inataka saa 24 za kupumzika baada ya siku ya mwisho ya kazi, na kwetu sisi tunaofunga Jumamosi saa saba mchana, pumziko hilo tumeliweka Jumapili. Kuipata thamani ya saa moja, unazidisha saa za wiki kwa 4.333, kisha unagawa mshahara wa mwezi kwa jibu unalopata. Chukua mshahara wa shilingi 585,000, ambao nautumia sana kama mfano kwa sababu unagawanyika vizuri: saa moja inakuwa kama 3,000, saa ya Jumapili 6,000, na Jumapili ya saa sita 36,000. Mtu akishaiona hesabu hiyo kwenye karatasi, hutulia. Hata asipolipenda jibu, anajua limetoka wapi.

Nayaeleza haya ili nisijifiche nyuma ya kutojua. Nilijua. Na bado, kwa zaidi ya mwaka, nilikuwa navuka kwenda Kigamboni mwisho wa wiki kusimamia ujenzi wa nyumba ya mwajiri wangu bila bei, bila karatasi, na bila hata kujiuliza swali ambalo wenzangu huniuliza mimi kila mwezi.

Mambo yalianza kwa urahisi. Mwenye kampuni, ambaye wote tunamwita Mzee ingawa sitini hajafika, alikuwa anafunga sefu Jumamosi moja akaniambia, "Mwanangu, kesho nipitie pale saiti uniangalizie, wanamwaga msingi." Nilikwenda. Ni nani asingekwenda? Wiki iliyofuata hakuniomba tena, aliniuliza tu Jumatatu mambo yalikwendaje, nami nikawa na majibu, maana nilikuwa nimekwenda. Sijui ni Jumapili ipi hasa msaada ule uligeuka kuwa kazi. Nimejaribu kuitafuta katika kumbukumbu, nikidhani kwamba nikiipata nitajua nilipopaswa kusimama, lakini haipo. Labda hakuna siku kama hiyo.

Saiti ni mahali pa bei. Sikuwa nimelitambua hilo nilipokuwa naiona saruji kwenye ankara tu. Fundi mkuu alikuwa na bei yake ya kila tofali analojenga, na alikuwa na maneno ya ziada kuhusu kona na madirisha. Saidia fundi walipatana asubuhi, kabla mtu hajagusa koleo, na siku ya zege walitaka zaidi kwa kuwa siku ya zege haina kupumzika hadi jamvi liishe. Mwenye lori alikuwa na bei ya tripu, ya mchanga mbali na ya kokoto mbali. Mama ntilie alikuwa na bei ya wali maharage na bei nyingine ukitaka samaki. Hata kijana aliyelala pale kulinda nondo zisitembee usiku alikuwa ameshasema anachotaka kwa wiki, na akakipata. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na mkataba wa maandishi. Hakuna aliyechangiwa NSSF. Kwa macho ya vitabu vyangu, watu wale hawakuwepo. Lakini kila mmoja alikuwa ametamka bei yake mbele ya wenzake, na mtu akijaribu kuipunguza jioni, kelele zake zilifika barabarani.

Asiye na bei pale nilikuwa mimi, niliyeshika daftari la bei za wote.

Waliniita bosi mdogo. Siku moja, tukisubiri lori, fundi mkuu akaniuliza bila ubaya wowote, "Bosi mdogo, na wewe anakupa ngapi?" Nikacheka, nikamwambia mimi na Mzee tuna mambo yetu. Aliniangalia kidogo, akarudi kwenye kamba yake ya kunyooshea kozi. Nimelifikiria jibu lile mara nyingi tangu hapo. Lilikuwa jibu la mtu mwenye siri, na siri yenyewe ilikuwa kwamba sina la kusema.

Si kwamba sikupewa kitu. Kuna Jumapili Mzee alinipa noti mbili za elfu kumi zilizokunjwa, akisema ni za nauli na vocha. Kuna Jumapili fedha iliingia kwa M-Pesa usiku, nimeshakata tamaa. Kuna nyingine hakuna kilichokuja, na nyingine tena mfuko wa mchele uliletwa nyumbani na dereva wake, mchele mzuri wa Kyela. Kwa kuwa sikuweza kukisia nitapewa nini, nilianza kumsoma uso. Nilijua kupima kama wiki ya mauzo ilikuwa nzuri, kama alikuwa amekorofishana na mteja, kama nilipaswa kumpa taarifa ya saruji iliyopungua kabla ya kupewa au baada. Hili ndilo linalonishangaza zaidi nikitazama nyuma: sikuwa na manung'uniko kuhusu kiasi. Ukijumlisha yote, mchele ukiwamo, huenda miezi mingine nilipata karibu na kile ambacho sheria ingenipa. Lakini kila shilingi ilikuja ikiwa fadhila yake, na fadhila haihojiwi imetoka wapi wala kwa nini wiki hii haikuja.

Mtu wa vitabu atauliza, kwa nini basi isiandikwe? Nami nilijiuliza, na jibu lilinikwamisha kwa muda mrefu. Nyumba ile haikuwa ya kampuni. Ilikuwa ya Mzee mwenyewe, na mkewe, na watoto wao. Kama ningeiingiza Jumapili yangu kwenye orodha ya mishahara, ningekuwa nimeibebesha kampuni gharama ya nyumba ya mtu binafsi, kitu ambacho sheria ya kodi ya mapato haikikubali kama matumizi ya biashara, na kalamu ambayo ingeandika uongo huo ni yangu. Kwa hiyo kukaa nje ya vitabu, katika hali yangu, ndiko kulikokuwa uaminifu wa aina yake. Kazi za nje ya vitabu huwa tunaziona zote kuwa mwajiri anaficha kitu, na mara nyingi ndivyo. Hapa palikuwa na jambo la kweli: waajiri wangu walikuwa wawili ndani ya mtu mmoja. Kampuni ilinilipa siku za wiki kwa senti zake zote. Yule mwingine, mwenye nyumba, hatukuwahi kukutana naye kama mwajiri na mfanyakazi. Tulijuana tu kama Mzee na mwanawe.

Na sheria niliyoinukuu hapo juu kwa kujiamini, nilipojaribu kuivaa mwenyewe, haikunikaa vizuri. Ile mara mbili ya Jumapili hukokotolewa kwa mshahara ambao mwajiri huyohuyo anakulipa. Mwenye nyumba hakuwa na mshahara wangu wowote wa kuzidisha. Zaidi ya hapo, vifungu vile vya saa za kazi vinawaacha nje wafanyakazi wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa viongozi wa juu. Bosi mdogo, walivyoniita. Huenda cheo nilichopewa kwa utani na mafundi kingetosha kuninyima mara mbili yangu mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sisemi ningekwenda huko. Nasema tu kwamba niligundua nilikuwa nimesimama mahali ambapo mwanga wa sheria ninayoifahamu haukufika sawasawa.

Halafu nikakanyaga msumari.

Ulikuwa umebaki kwenye ubao wa lenta uliong'olewa na kuachwa chini, na nilikuwa nimevaa raba nyepesi, si viatu vya kazi, kwa sababu akilini mwangu nilikuwa nimekuja kutazama tu. Fundi mmoja alinishika mguu akauchomoa bila kunitahadharisha, jambo ambalo namshukuru. Nilikwenda zahanati kuchomwa sindano ya pepopunda, nikalipa mwenyewe, nikarudi kumalizia hesabu ya mifuko. Njiani nilikumbuka kwamba mimi ndiye ninayeandaa mchango wa kampuni kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule ambao mwajiri hulipa bila kumkata mfanyakazi chochote, na ambao huangalia kama mtu ameumia kutokana na kazi yake na akiwa kazini. Nilijaribu kuijaza ile fomu kichwani. Mahali pa tukio: nyumba ya mtu. Siku: ya mapumziko. Shughuli iliyokuwa ikifanyika: hapo kalamu ya kichwani ilisita. Jioni Mzee alipiga simu kunipa pole, kwa dhati kabisa, akatuma na fedha kidogo ya soda. Nilimshukuru. Mguu ulipona. Ile fomu haikujazika hadi leo.

Lazima nimtendee haki. Baba yangu alipofariki, Mzee alitoa basi dogo la kubeba wafanyakazi hadi kijijini, akakaa nasi kwenye mkeka hadi tulipozika, akala tulichokula. Mtoto wangu alipokwama ada ya kidato cha kwanza katika shule ya kulipia, alinikopesha na hakunikumbusha. Mtu wa namna hiyo utaanzaje kumwambia kwamba saa yako ni 6,000? Nilihisi kwamba nikitaja bei, msiba wa baba yangu utaingia upande wa pili wa leja, na basi lile litakuwa na bei pia, na mkeka, na siku aliyofunga duka. Kwa hiyo nilinyamaza, nikaita unyamavu ule shukrani. Sasa sina hakika. Sehemu yake ilikuwa shukrani. Sehemu nyingine ilikuwa matumaini ya kupandishwa cheo, na sehemu, nadhani, ilikuwa woga tu wa kawaida, ambao hupenda kujificha ndani ya maneno mazuri.

Mke wangu ndiye aliyeona haraka kuliko mimi, kwa kuwa Jumapili zile zilikuwa zake pia. Mama yangu anaishi Chanika, na zamu ya kumtembelea ilikuwa imemwangukia yeye peke yake, na watoto, na daladala mbili. Hakunigombeza. Usiku mmoja, akikunja nguo, aliniambia, "Baba watoto, kama ni kazi, tuambie ni kazi, tujipange. Kama ni msaada, tuambie ni msaada, nao tujipange. Lakini hiki kisichojulikana ni nini, mimi sijui nikipangie vipi." Nilimjibu kwa mkato. Alikuwa anauliza kitu kilekile alichouliza fundi, ila yeye alikuwa na haki ya jibu.

Kuna jambo jingine linalopita katika kila saiti, na si vema nikaliruka. Dereva wa lori alinivuta pembeni mapema kabisa, akanipa utaratibu: niandike tripu kwa bei fulani, yeye achukue bei yake, kinachozidi tugawane. Cha juu, kwa lugha ya kila siku. Alilieleza bila aibu, na aliposhangaa kwamba sitaki, alishangaa kweli. "Sasa wewe unakula wapi, kaka?" Sikukataa kwa utakatifu. Nilikataa kwa sababu nimekaa miaka mingi upande wa pili wa ankara za namna hiyo na najua zinavyonuka zikifika mezani. Lakini swali lake lilinifuata hadi kwenye pantoni. Mtu anayesimamia mamilioni ya mtu mwingine, kila wiki, bila ujira uliotajwa: kila anayemwona anadhani amejilipa. Dereva alidhani hivyo. Mafundi, nafikiri, walidhani hivyo. Ilinichukua muda mrefu kuwaza kwamba na Mzee huenda alidhani hivyo pia.

Nilipomwambia, hatimaye, sikusema vizuri. Nilikuwa nimeandaa maneno ya heshima, nikayaacha yote mlangoni. Tulikuwa ofisini kwake, jioni, nyumba imefika hatua ya kupaua. Nikasema, "Mzee, naomba tuongee kuhusu Jumapili." Akadhani naumwa. Nikasema hapana, ni kuhusu malipo yake. Akanyamaza, akavua miwani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, au kwa kukumbushwa msiba. Badala yake aliniambia, polepole, kwa namna ya mtu anayemsaidia mwenzake asijiumbue, "Mwanangu, mimi nilijua umejipangia."

Nilielewa mara moja. Mwaka mzima alikuwa ameshanilipa, kichwani mwake, kwa fedha ambayo sikuichukua. Kila tripu niliyoandika kwa bei yake halisi, aliisoma ikiwa imeshakatwa fungu langu, na kwa kuwa alinipenda, aliliacha lipite. Noti zile zilizokunjwa zilikuwa nyongeza juu ya wizi wangu wa kufikirika. Nikamwambia sijachukua hata mia. Alitikisa kichwa kukubali, lakini sidhani aliamini, na hata leo sidhani anaamini. Nilikuwa na daftari, nilikuwa na risiti zote zimepangwa kwa tarehe, na hakuna risiti inayoweza kuthibitisha kitu ambacho hakikutendeka.

Nimelirudia jambo hili kichwani kuliko jambo lolote katika ajira yangu. Nilikuwa nikifikiri kwamba kazi isiyotajwa bei ni kazi ya bure, au ya karibu na bure. Kumbe bei ilikuwepo muda wote; kila mmoja wetu alikuwa ameiweka ya kwake. Mzee aliweka cha juu. Mimi niliweka cheo ambacho hakuna aliyeniahidi. Fundi aliweka siri, dereva aliweka mgawo, na mke wangu, ambaye peke yake alikuwa analipa kwa fedha taslimu, za nauli ya Chanika, ndiye pekee aliyeuliza akiwa na haki ya jibu. Nilidhani ule ukimya ulikuwa unalinda heshima kati yangu na Mzee. Ulikuwa unanifanya mwizi machoni pa mtu aliyenikopesha ada.

Tulikubaliana shilingi 40,000 kwa Jumapili, nauli ikiwa ndani, kutoka mfukoni mwake na si kwa kampuni. Yeye ndiye aliyetaja, nami nikaitika upesi kupita kiasi, nikiwa na 36,000 zangu za mfano kichwani. Baadaye nikaanza kutilia shaka. Foleni ya pantoni pale Magogoni ni saa za nani? Nikipita Daraja la Nyerere nazunguka. Nikisubiri pantoni nasimama. Sheria inahesabu saa za kazi, haihesabu saa za kuiendea. Mchango wa NSSF haumo ndani ya 40,000 ile, wala ule wa fidia, wala kodi. Mimi ninayepeleka kodi za wengine kwa tarehe, fedha ile naipokea mkononi nzima nzima, na sijawahi kuiandika popote. Kama ni haki kwa Mzee kunilipa vizuri, ni haki kwa nani mimi kuila yote? Nimeliuliza hilo huku nikiitumia.

Kilichobadilika si kile nilichotarajia. Mzee alianza kunipigia saa mbili asubuhi: "Umeshafika?" Zamani hakuuliza. Mtu anayelipa siku anataka kujua siku imeanza saa ngapi, na sina la kumlaumu, ingawa mara ya kwanza niliumia. Mchele wa Kyela haukuja tena. Lakini miezi michache baadaye mama aliugua, nikamwandikia Mzee kwamba Jumapili hiyo sitakwenda. Nilichukua muda mrefu kuuandika ujumbe ule, nikifuta na kuandika upya, nikitafuta sababu iliyo nzito zaidi ya ile niliyonayo. Kisha nikaona sihitaji sababu nzito. Siku nisiyofanya, silipwi; basi. Jibu lake lilikuwa neno moja: "Sawa." Katika mwaka mzima wa kutembea bila bei sikuwahi kukosa hata Jumapili moja, kwa sababu mtu hawezi kukataa kitu ambacho hajaombwa rasmi. Yale maneno madogo katika sheria, kwamba mfanyakazi awe amekubali, nilikuwa nikiyaruka kila nilipowaeleza wenzangu. Macho yangu yalikuwa yanakwenda kwenye tarakimu.

Ningependa kuishia hapo, lakini Jumapili ile Mzee hakuiacha saiti bila mtu. Alimtuma kijana wa stoo. Na Jumapili iliyofuata, ambayo nilikuwa tayari kwenda, kijana wa stoo alikuwa tena ndiye aliyetumwa, na mimi nikapigiwa simu ya kupumzishwa, "Muuguze mama kwanza." Ilikuwa kauli ya huruma, na huenda ilikuwa huruma. Siku hizi tunapishana: mimi nakwenda panapokuwa na malipo makubwa ya kufanya, yeye siku nyingine. Nilimuuliza analipwaje. Akacheka, akasema yeye na Mzee wana mambo yao.

Nilimkalisha chini nikamwonyesha hesabu, ile ya 4.333, kwa mshahara wake yeye, ambao haugawanyiki vizuri. Nikamwambia na kiasi ninacholipwa mimi. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akaniomba nisimwambie Mzee kwamba anajua. Yeye bado ni kibarua wa siku, hayumo kwenye orodha yangu ya mishahara, na Mzee ameshamdokezea kwamba atamwingiza. "Niache kwanza, kaka," akasema. "Mimi natafuta mkataba. Wewe unao." Sikuwa na la kumjibu. Ni kweli ninao, na ni kweli pia kwamba 40,000 zangu ndizo zilizomfanya yeye awe nafuu.

Ukuta wa uzio unaanza mwezi ujao, na ni kazi ya Jumapili nyingi. Sijaamua kama nimtajie Mzee bei ya kijana huyu wakati mwenyewe ameniomba ninyamaze, na sijui kama, nikinyamaza, nitakuwa namheshimu au natunza nafasi yangu.